Mshiko wa Upinde wa Mti na Kikalio cha Mshale: Ulinganisho kwa Anayechonga Dar es Salaam

Anayeingia Keko kutafuta mbao ya kuchongea upinde hukutana na swali kabla hajaeleza shida yake: "Kaka, unataka ya inchi moja au ya inchi mbili?" Muuzaji huuliza hivyo kwa sababu amezoea wateja wa makabati na vitanda, lakini kwa mchonga upinde swali hilo ndilo linaloamua mshiko utakuwa wa namna gani, na mshiko nao ndio utakaoamua mshale ukae wapi. Wengi wetu huanza kwa kinyume: tunaona picha ya upinde wenye mshiko mnene uliokatwa dirisha ubavuni, tunaipenda, kisha tunailazimisha mbao iliyopo ifanane na picha. Nimewahi kufanya hivyo, na nitaeleza hapa chini kilichonipata.

Kuna mishiko mitatu ya kulinganisha. Wa kwanza ni unaopinda, ambao unene wake karibu ni sawa na wa sehemu nyingine, hivyo upinde mzima hujikunja kama herufi D unapovutwa. Wa pili ni mshiko mgumu wa kipande kimoja, unaochongwa ndani ya mbao nene ileile. Wa tatu ni mshiko mgumu wa kubandika, ambapo kipande cha ziada hugandishwa kwa gundi juu ya mbao nyembamba. Ili tuelewane, mgongo wa upinde ni upande unaotazama shabaha, tumbo ni upande unaomtazama mpigaji, mabawa ni sehemu mbili zinazopinda juu na chini ya mshiko, na mteremko ni pale unene wa mshiko unapopungua taratibu mpaka kufikia unene wa bawa. Dirisha ni mkato wa ubavuni mwa mshiko unaoupitisha mshale karibu na katikati, na kikalio ni kipande kidogo cha ubavuni ambacho mshale hukalia.

Mshiko unaopinda na mshiko mgumu

Mshiko unaopinda ni wa kale na umethibitishwa na watu ambao chakula chao kilitegemea upinde. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi hutumia pinde za mti mzima zisizo na dirisha wala kikalio, na mshale huegemea mkono wa mpigaji. Pinde ndefu za Kiingereza zilizopatikana katika meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa kutoka baharini mwaka 1982, ni za namna hiyohiyo: fimbo nene ya mti wa yew, isiyo na mshiko uliochongwa kando. Kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba upinde usio na mshiko mnene ni upinde ambao haujakamilika.

Hata hivyo, mshiko mgumu si uvumbuzi wa kiwandani. Upinde wa Holmegaard uliopatikana kwenye matope ya kinamasi nchini Denmark mwaka 1944 una umri wa takriban miaka 9,000, na tayari mshiko wake umebanwa kwa upana na kuachwa mnene. Aliyeuchonga alikuwa ameelewa jambo ambalo hesabu inalithibitisha: ugumu wa mbao dhidi ya kupinda hukua sambamba na upana, lakini kwa unene hukua kwa kipeo cha tatu. Chukua bawa lenye upana wa milimita 45 na unene wa milimita 15 karibu na mteremko. Mshiko wake ukiwa na upana wa milimita 30 tu lakini unene wa milimita 45, unene umekuwa mara tatu, kwa hiyo ugumu umepanda mara 27. Ukipunguza theluthi kwa ajili ya upana uliopotea, mshiko unabaki mgumu mara 18 kuliko bawa. Ndiyo maana unaweza kuubana mshiko ukaingia vizuri kiganjani bila kuudhoofisha, mradi umeacha unene.

Tofauti anayoihisi mpigaji ni hii. Mshiko mgumu hutulia mkononi, huruhusu kiganja kukaa mahali palepale kila mara, na mshale hupita karibu zaidi na mstari wa katikati. Mshiko unaopinda husogea kidogo mkononi wakati wa kuvuta, na mshale ukiachiwa hupiga mtikiso ambao wengine huuhisi hadi kwenye kiwiko. Kwa upande mwingine, mshiko unaopinda hugawa kazi kwa urefu wote wa mti, hivyo upinde unaweza kuwa mfupi. Kwa mpigaji anayevuta sentimita 71, upinde unaopinda mzima unaweza kuridhika na urefu wa sentimita 155 hadi 160, ilhali wenye mshiko mgumu na miteremko yake miwili ya kawaida nisingeukata chini ya sentimita 170, kwa kuwa sentimita 20 hivi za katikati hazifanyi kazi yoyote ya kupinda.

Hapa hali ya hewa yetu inaingia. Mbao iliyotundikwa chini ya bati Dar es Salaam hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hadi 16, ilhali upinde hupenda unyevu wa karibu asilimia 10. Mbao yenye unyevu mwingi haivunjiki upesi, lakini hujikunja na kubaki imejikunja, na upinde unaobaki umejikunja hupoteza nguvu. Mabawa yaliyofupishwa na mshiko mgumu hubeba mzigo mkubwa zaidi, kwa hiyo ndiyo yanayoumia kwanza. Anayetaka mshiko mgumu hapa pwani ama aongeze urefu wa upinde, ama aikaushe mbao ndani ya sanduku la plaiwudi lenye balbu ya nyuzi, ile inayotoa joto, kwa wiki kadhaa kabla hajaanza kuupinda. Wakati wa masika mimi hufanya yote mawili.

Kipande kimoja au kubandika

Hili ndilo lenye mabishano mengi, na ndilo lililonigharimu.

Mbao ya inchi moja ikishapigwa randa hubaki na milimita 20 hadi 22. Inatosha kwa mabawa na ziada, lakini haitoshi kwa mshiko mgumu unaohitaji milimita 40 hadi 50. Kwa hiyo kipande hubandikwa tumboni, urefu wake sentimita 20 hadi 22, yaani sentimita kumi za kushika na sentimita tano au sita za mteremko kila upande. Faida yake iko wazi: mbao nyembamba ni rahisi kupata ikiwa imenyooka, unaweza kuchagua kati ya kumi ile moja ambayo nyuzi zake zimekwenda sambamba mwanzo hadi mwisho, na kipande cha mshiko unaweza kukiokota kwenye mabaki ya fundi yeyote. Mninga hufaa sana kwa kipande hicho, kwa sababu hauchezichezi unapokauka au kulowa, na unachongeka kwa raha.

Upinde wangu wa kwanza wa kubandika niliutengeneza kwa mtiki, na mteremko nikaufanya mfupi wa sentimita mbili na nusu kwa sababu ulipendeza macho. Siku ya kuujaribu uani, Tabata, nilimpa kijana wa jirani auvute mara mbili bila mshale. Mara ya tatu ikasikika "tak" ndogo, kama mtu aliyekanyaga kibiriti. Hakuna kilichovunjika, wala kijana hakushtuka. Nilipouchunguza, kwenye ncha ya chini ya kipande kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Nikaingiza kipande cha karatasi kwenye mstari huo, nacho kikazama sentimita tatu. Wiki iliyofuata kipande kizima kilibaki mkononi mwangu.

Makosa yalikuwa mawili, na yote mawili yanafundisha namna ya kulinganisha. La kwanza ni umbo. Gundi hushikilia vizuri pale mbao mbili zinapobaki zimenyooka pamoja. Chini ya ncha ya kipande, kama mbao ya bawa inapinda na kipande hakipindi, ncha hubanduliwa kidogokidogo kama lebo ya chupa. Tiba si gundi kali zaidi, bali ni mteremko mrefu unaoisha ukiwa mwembamba kama ukucha, na bawa linaloachwa pana na nene hadi sentimita tatu au nne baada ya ncha hiyo, ili kupinda kuanze mbali na gundi. La pili ni mti wenyewe. Mtiki, uwe wa Longuza kule Muheza au wa Mtibwa Morogoro, una mafuta yanayoifukuza gundi, pamoja na chembe za silika zinazokula makali ya randa. Uso wake unapaswa kukwanguliwa upya na kufutwa kwa kitambaa chenye spiriti au asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi, si jana yake.

Kuhusu gundi zenyewe sitakawia. Gundi nyeupe ya mbao hufanya kazi nzuri kama nyuso mbili zimepigwa randa safi na hazipitishi mwanga zikiwekwa pamoja. Haijazi nafasi, na inahitaji kubanwa sawasawa. Epoksi ya mirija miwili husamehe nyuso zisizokamilika, na hushika vyema zaidi ukizikwaruza kwanza kwa meno ya msumeno wa chuma, lakini usiikamue mpaka ikatoka yote. Nyingi za zile za madukani huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 50 hadi 60, kiwango ambacho gari lililofungwa vioo juani hapa mjini hukifikia bila taabu. Upinde wa kubandika usiachwe kwenye buti la gari. Kwa kubania, klampu mbili zinatosha, ila mimi napendelea tyubu ya baiskeli iliyochanwa vipande vya sentimita tatu na kuzungushwa kwa kuvutwa, kwa kuwa hubana kila mahali kwa nguvu moja, nayo kwa fundi baiskeli hupatikana kwa bei ya soda au bure kabisa.

Mshiko wa kipande kimoja hauna hofu hizo zote. Hakuna mstari wa kubanduka, hakuna joto la kuogopa, na nyuzi za mti hupita bila kukatika mgongoni kuanzia ncha hadi ncha. Gharama yake ni kazi na mbao. Kutoka kwenye mbao ya inchi mbili utaondoa zaidi ya nusu ya unene karibu kila mahali isipokuwa katikati, na kwa randa ya mkono hiyo ni siku nzima ya kutokwa jasho na rundo la maranda la kutosha kuwashia moto wa wiki. Fundi mwenye msumeno wa mkanda ataukata ubavu wa upinde kwa dakika chache kama umemchorea mstari, ila umsimamie: mafundi wengi hukata mteremko kama ngazi, kwa kona, kwa kuwa ndivyo wanavyokata miguu ya meza. Kona hiyo ndipo nguvu zote hukusanyika, na ndipo upinde utakapopasuka. Mwachie ziada ya milimita tano, kisha mteremko uumalize mwenyewe kwa tupa la nusu duara.

Kuna tatizo moja la kipande kimoja ambalo halitajwi vya kutosha. Mbao nene iliyonyooka nyuzi ni adimu kuliko nyembamba. Mvule na mkongo mara nyingi huwa na nyuzi zinazopishana, huku zikielekea kulia na huku kushoto, na ukichonga mteremko ndani ya nyuzi za namna hiyo unaona tupa linanyanyua vibanzi hata ukigeuza upande. Kwa kabati si kitu. Kwa mgongo wa upinde ni hatari. Kama mbao ya inchi mbili uliyoipata ina nyuzi za namna hiyo na ya inchi moja iliyo jirani yake imenyooka, chukua ya inchi moja ubandike mshiko, hata kama moyo wako uko kwenye kipande kimoja.

Kuuchonga mshiko uingie mkononi

Mshiko mgumu, uwe wa kubandika au wa kipande kimoja, huchongwa kwa namna moja. Kwa mkono wa kawaida, upana wa milimita 28 hadi 30 na unene wa milimita 42 hivi hutoa mzingo wa sentimita 11, ambao vidole vinauzunguka bila kubana. Mshiko mnene kupita hapo humfanya mpigaji aukaze, na anayeukaza huusokota upinde bila kujua, mshale ukaenda kando. Kati ya mshiko ulionyooka na ule uliokunjwa kama wa bastola, kwa upinde wa mti nachagua ule ulionyooka wenye bonde dogo tu pale panapokaa uwazi kati ya kidole gumba na cha shahada. Mshiko wa bastola hula unene mahali ambapo unauhitaji zaidi.

Njia yangu ya kupata umbo ni chaki. Nasaga kipande cha chaki ya ubaoni, najipaka kiganjani, naushika upinde kama wakati wa kuvuta, kisha nauachia. Palipoachwa doa jeupe zito ndipo panapobana. Napapunguza kwa tupa mara tatu au nne, nafuta, narudia. Baada ya raundi sita au saba doa huenea sawasawa kuanzia shina la kidole gumba hadi katikati ya kiganja. Hapo ndipo msasa huanza: namba 80, halafu 120, halafu 220. Kazi hii yote hufanyika tumboni na ubavuni. Mgongo wa mshiko haupunguzwi unene. Kingo zake tu ndizo huzungushwa.

Mshale ukae wapi

Kuegemeza mshale kwenye mkono wenyewe hakugharimu chochote, hakuondoi mbao, na hufaa kwa mpigaji wa kulia na wa kushoto bila kubadili kitu. Kwa mshiko unaopinda ndilo chaguo la kwanza. Ubaya wake huonekana kidoleni: shina la unyoya linapopita kwa kasi hukwaruza ngozi ya kidole cha shahada, na kama halikufungwa vizuri kwa uzi upande wa mbele, huchoma kama sindano na kubaki ndani. Ngozi laini iliyofungwa kidoleni au glavu iliyokatwa vidole humaliza tatizo hilo, lakini haimalizi lile la pili, kwamba mkono hauwezi kukaa kwenye kimo kilekile kila mshale. Anayepiga kwa burudani hatasumbuka. Anayehesabu alama atasumbuka.

Dirisha la kukata ndilo wengi hulitamani. Kwa mshale wenye kipenyo cha milimita 8 na mshiko wenye upana wa milimita 30 usiokatwa, kitovu cha mshale hukaa milimita 19 nje ya mstari wa upote, yaani kamba ya upinde. Mshale hulazimika kujipinda kuuzunguka mshiko wakati wa kuondoka, na lazima uwe na ulaini unaolingana na nguvu ya upinde. Ukiwa mgumu mno huenda kushoto kwa mpigaji wa kulia. Ukikata dirisha mpaka zibaki milimita 3 kufikia katikati, umbali huo hushuka hadi milimita 7, na mishale ya aina nyingi zaidi itakwenda sawa. Faida hiyo ni ya kweli, na kwa mtu anayenunua mishale mchanganyiko ina uzito.

Malipo yake nayo ni ya kweli. Mshiko wa milimita 30 uliokatwa namna hiyo hubaki na milimita 18. Uimara dhidi ya kuvunjika hufuata upana mara unene kwa kipeo cha pili, kwa hiyo ili milimita 18 zibebe mzigo uleule, unene wa milimita 42 unatakiwa uwe 54. Mbao ya inchi mbili haifiki hapo, na ya kubandika itahitaji kipande cha pili juu ya cha kwanza. Zaidi ya hayo, dirisha lenye urefu wa sentimita sita au saba hupanda hadi kwenye mteremko wa juu, mahali ambapo unene umeanza kupungua, hivyo mshiko mzima lazima urefushwe ufikie sentimita 15 au zaidi, na upinde nao urefuke. Kona ya ndani ya dirisha isiachwe ya mraba. Izungushwe kwa tupa la duara, kwa sababu ileile ya kona ya mteremko. Na dirisha likishakatwa kwa ajili ya mpigaji wa kulia, wa kushoto hana lake.

Kati ya kuegemeza mkononi na kukata dirisha kuna kikalio cha kubandika, nacho ndicho ninachokipa nafasi ya kwanza kwa mshiko wowote mgumu. Badala ya kukata upande mmoja, ubane mshiko pande zote mbili pale mshale unapopita mpaka ubaki milimita 24, na unene upandishe kutoka 42 hadi 47 ili uimara ubaki uleule. Mbao ya inchi mbili iliyochongwa kwa uangalifu hutoa unene huo. Kitovu cha mshale kitakuwa milimita 16 kutoka kwenye mstari. Si 7 za dirisha, lakini pia si 19, na mshiko unabaki na ulinganifu wake pande zote, usio na sababu ya kujisokota. Kisha bandika kikalio ubavuni.

Ngozi ya fundi viatu inafaa kuliko kitu kingine nilichojaribu. Tabaka tatu za ngozi nene, urefu sentimita tatu, zinazochomoza milimita 8 hadi 10, huunganishwa kwa gundi ya viatu na kukatwa kwa kisu mpaka juu pawe na mgongo wa mviringo kama wa kobe, ili mshale uguse sehemu moja tu. Sehemu hiyo ikae juu ya pale bonde la mshiko lilipo ndani zaidi, ili mkono ukiyumba kidogo mshale usiyumbe nao. Kwa kuwa gundi ya viatu hulegea kwa joto, shina la kikalio lifungwe pia kwa uzi wa pamba mizunguko kumi au zaidi, kisha uzi upakwe vanishi. Kikichakaa, kata uzi, weka kingine. Kazi ya nusu saa. Akija mpigaji wa kushoto, unakihamisha.

Nilijaribu pia kipande cha mpingo kutoka kwa wachongaji wa Mwenge. Kilipendeza kupita kiasi, lakini mpingo nao una mafuta na haukubali gundi kirahisi, na kila mshale uliupiga kwa sauti ya "ka" iliyosikika kwa jirani. Ukiutaka mpingo kwa uzuri wake, ufunike juu kwa ngozi laini.

Nani achague kipi

Mwenye kisu, tupa moja na fito nzuri, asiye na klampu wala gundi ya kuaminika, achonge mshiko unaopinda, auzungushie uzi wa pamba au ukanda wa ngozi, na mshale auegemeze mkononi. Asikate dirisha hata kidogo, maana kila milimita ya mshiko huo inafanya kazi. Uzi wa katani ni imara lakini hukwaruza kiganja; bora pamba.

Mwenye mbao ya inchi moja iliyonyooka abandike mshiko wenye miteremko mirefu, na aweke kikalio cha ngozi. Hili ndilo chaguo ninalompa mtu wa Dar es Salaam anayeanza, pamoja na kisa changu cha Tabata, kwa kuwa mbao nzuri ya inchi moja hupatikana na kosa la mteremko likishajulikana huepukika. Mwenye bahati ya mbao ya inchi mbili isiyo na nyuzi za kupishana, na mwenye mikono ya subira, achonge kipande kimoja. Upinde huo ndio utakaodumu kuliko yote matatu. Dirisha namwachia yule ambaye amekwisha kutengeneza pinde mbili au tatu na ana mbao ya kutoa milimita 54.

Kwa upinde wowote kati ya hizi, shabaha iwe gunia lililojazwa matambara. Kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na upinde wa kuchonga nyumbani haubadilishi hilo.

Kikalio kiwe kitu cha mwisho kabisa kuwekwa. Upinde uvutwe kwanza nusu, mara thelathini, huku ukichungulia ncha za mteremko kwenye mwanga. Mshiko wa kubandika upimwe kwa kipande cha karatasi kila baada ya mara kumi. Kisha upigwe mishale hamsini kutoka mkononi, maana mti mpya hubadilika kidogo, na mahali ulipodhani mshale utapita siku ya kwanza huwa pamesogea milimita kadhaa. Pafunge kwa muda kwa utepe wa karatasi, piga tena kumi, sogeza. Mishale ikianza kuondoka bila manyoya kugusa mshiko, weka alama kwa penseli, ndipo upake gundi.